Sura ya Sita: Gari Lisilosikika Mtaani

Koplo Adrian alikuwa amelala chali chini ya gari lililoungua, miguu yake tu ikionekana, na kila alipotaka kitu alinyoosha mkono bila kusema. Mkaguzi Msaidizi Wilbrodi alimwekea spana kiganjani. Tangu asubuhi walikuwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi Bagamoyo, na kati yao hakuna aliyekuwa na haraka. Kilichokuwa na haraka ni simu ya Wilbrodi, iliyotetema mfukoni, ikanyamaza, ikatetema tena.

"Ni bosi?" Adrian aliuliza kutoka chini.

"Ni bosi."

"Pokea tu, afande. Huku bado kuna bolti zinanigomea."

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Mrakibu Medard, hakusalimia.

"Wilbrodi, jalada la yule fundi liko wapi?"

"Mezani kwangu, afande."

"Kesho asubuhi nalitaka kwa waendesha mashtaka. Fundi kafunga tabo kwenye gari lisilotengenezewa tabo. Gari limeungua, mtu amekufa. Unatafuta nini tena?"

"Sababu ya moto."

"Sababu ni tabo."

"Inawezekana."

"Shemeji wa marehemu amekuja tena leo. Anataka kujua kama tunamlinda fundi."

"Nimemwona akitoka."

Simu ilikatika. Wilbrodi aliirudisha mfukoni, akachukua tochi, akaendelea kumulika pale alipokuwa akimulika.

Lilikuwa gari dogo la kawaida, la aina ambayo watu hununua kwa sababu halinywi mafuta. Mwenyewe, Abdulrazak, alifanya kazi bandarini Dar es Salaam na alirudi kulala kwao, mji wa zamani wa Bagamoyo, kila jioni. Mapema mwaka huo alikwenda kwa Shuaibu, fundi wa Dunda, akafungiwa tabo: kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa ya ziada, mpaka gari dogo linapata nguvu ya gari kubwa. Wiki iliyopita, jioni, gari hilo lilipita Mapinga likitoa moshi wa bluu. Mbele kidogo likawaka, likaacha barabara, likaingia mtaroni. Wafanyakazi wa boza la maji waliokuwa wakimwagilia kipande cha barabara kinachotengenezwa waliuzima moto kabla haujala ndani. Lakini usukani ulikuwa umembana Abdulrazak kifuani, na moshi ulimmaliza watu wakiwa bado wanahangaika na mlango.

Shuaibu alikamatwa siku ya maziko. Alikutwa makaburini, akiwa ameshika sepetu pamoja na wengine.

"Hizi hapa," Adrian alisema. Alitoka chini ya gari akiwa na uso mweusi, akaweka tabo juu ya gunia. "Mtu akikuambia fundi hakukaza bolti, mlete aje azifungue yeye."

Wilbrodi alichuchumaa. Katikati ya tabo kulikuwa na shafti nyembamba yenye feni ndogo kila upande. Aliwahi kusoma kwamba shafti ya tabo nzima huzunguka hata kwa pumzi ya mtu. Aliisukuma kwa kidole, kisha kwa kidole gumba, kisha Adrian akajaribu kwa koleo. Haikusogea. Ilikuwa kama imepandwa kwenye saruji.

"Mrija wa oili ni upi?"

Adrian alimwonyesha mrija wa chuma, mwembamba kama kalamu, uliotoka kwenye injini na kuishia juu ya tabo. Waliubana kwenye jiriwa, wakaukata kwa msumeno wa chuma. Wilbrodi alichungulia ndani. Hakuona tundu. Alichokonoa kwa waya, na vipande vyeusi, vigumu, vyenye kung'aa vikaanguka kwenye karatasi.

"Hii ni oili?"

"Ilikuwa oili." Adrian alijifuta mikono. "Tabo ikifanya kazi kweli, afande, inawiva nyekundu kama kaa. Kinachoipoza ni oili, na oili inatembea injini ikiwa inafanya kazi. Sasa umetoka Dar mbio, unafika, unazima pale pale. Oili inasimama juu ya chuma cha moto. Inaungua. Kesho hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Mwisho mrija unaziba, shafti inakauka, inajikata, na oili ile kidogo iliyobaki inarushwa kwenye ekzosi."

"Na ekzosi ina moto."

"Ndiyo moshi wa bluu walioona Mapinga."

"Fundi alijua hili?"

"Anayefunga tabo lazima ajue. Ndiyo maana wanaweka taima. Kidude kidogo chini ya usukani. Wewe unatoa ufunguo, unakwenda zako, injini inaendelea kunguruma yenyewe mpaka ipoe, halafu inajizima."

"Hili lilikuwa nayo?"

Adrian alifungua mlango wa dereva uliokuwa umening'inia kwa bawaba moja. Wilbrodi alilala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, tochi mdomoni. Kiboksi kilikuwepo, upande mmoja umeyeyuka. Nyuma yake zilining'inia waya. Alizitazama kwa muda mrefu mpaka Adrian akauliza kama amelala.

"Njoo uone. Hizi zimeungua?"

"Hapana," Adrian alisema polepole. "Zimekatwa."

Zilikatwa kwa koleo kali, moja moja. Kila ncha ilikunjwa kurudi nyuma, ikafungwa kwa kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, kisha ikafunikwa na tepu nyeusi. Ilikuwa kazi safi ya mtu asiyekuwa na haraka.

"Afande," Adrian alisema, "hii si ajali tena."

"Kwa sasa ni waya zilizokatwa."

Wilbrodi alipiga picha, akakata ncha moja na kuitia kwenye mfuko wa ushahidi, na vipande vyeusi vya oili akavitia kwenye mfuko mwingine.

"Habari ya huu mshipi usimwambie mtu."

"Hata bosi?"

"Bosi nitamwambia mimi, nikishajua ninamwambia nini."

*

Shuaibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye kucha ambazo hata wiki ya mahabusu haikuzitoa weusi. Nje ya dirisha mkewe, Somoe, alikuwa amekaa kwenye benchi na hotpoti ya chakula mapajani. Tangu siku ya kwanza alikuja kila mchana na kukaa pale pale.

"Ulifunga taima?" Wilbrodi aliuliza.

"Nilifunga. Sijafunga tabo bila taima hata siku moja."

"Ulimweleza marehemu matumizi yake?"

"Nilimweleza yeye na mkewe. Walikuja wote kuchukua gari. Nikawaambia, hili si lile gari mlilolizoea. Oili mbadilishe mapema. Na mkifika msizime, liacheni lipumue."

"Zaidi ya mkewe, nani alisikia?"

"Hakuna."

"Kwa nini alitaka tabo?"

Shuaibu alitazama mikono yake. "Malori. Jioni ile barabara ni malori matupu, na gari lake lilikuwa halipandi. Alitaka awahi kufika kabla ya magharibi amwogeshe baba yake. Mzee hakubali kuogeshwa na mtu mwingine."

Wilbrodi aliandika hayo, akayasoma tena, akafunga faili.

"Afande, nitatoka?"

"Sijui," Wilbrodi alisema, na ilikuwa kweli.

*

Mtaa wa kina Abdulrazak ulianzia kwenye kona ya barabara ya juu na kuteremka kuelekea baharini, mwembamba kiasi kwamba gari likipita mtu hujibana mlangoni. Kwenye kona palikuwa na duka la Mahmoud. Wilbrodi alinunua maji, akanywa akiwa amesimama.

"Wewe ndiye afande wa kesi ya Abdulrazak," Mahmoud alisema. "Mtu wa bara."

"Ndiye mimi. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mungu kapenda." Mahmoud alipanga sabuni zilizokuwa tayari zimepangika. "Yule kijana hakuwa na mfano. Vijana wengine wanaingia hapa na muziki mpaka chupa zangu zinacheza ngoma. Abdulrazak, mtaa huu haukulisikia gari lake. Alikuwa anazima hapa, hapa hapa kwenye kona, halafu linateremka lenyewe kimya kimya mpaka ukutani kwao. Hata shehe alilitaja siku ya maziko. Alisema huyu alikuwa na adabu mpaka ya gari."

Chupa ya maji ilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Alizima hapa kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Baba yake, Mzee Alawi, ana pumu, na dirisha lake liko usawa wa gari."

"Tangu alipolinunua?"

Mahmoud alicheka. "Ah, hapana. Lilipotoka kwa fundi lilikuwa na wazimu. Mwenyewe anashuka, anafunga mlango, anaingia ndani, gari limebaki linanguruma peke yake. Watoto wakawa wanalikimbia. Siku moja Bi Kibibi, shangazi yake, alilitokea na ufagio, akalipiga boneti akiliambia linyamaze. Tulicheka mpaka basi. Baadaye likanyamaza."

"Nani alilinyamazisha?"

"Hayo ni ya nyumbani kwao, afande. Mimi nauza sabuni."

Wilbrodi alisimama kwenye kona, akatazama mteremko mpaka mwisho, pale ukutani chini ya dirisha lenye nondo ambapo chokaa ilikuwa na alama nyeusi ya moshi wa zamani. Kisha akageuka, akapanda bodaboda kwenda Dunda.

*

Shamsudin, kaka wa mjane na ndiye yule shemeji aliyekuja kituoni, alikuwa na kibanda cha umeme wa magari na pikipiki. Alipomwona Wilbrodi aliweka chini taa aliyokuwa akiitengeneza.

"Umekuja kuniambia mmempeleka mahakamani?"

"Bado. Nimekuja kujifunza." Wilbrodi aliinama juu ya meza. Waya za ile taa zilikuwa zimekunjwa kurudi nyuma na kufungwa kwa mshipi. "Huu mshipi ni wa nini?"

"Tepu ikipata joto inateleza, afande. Mshipi hautelezi. Nilijifunza Saadani, nikiwafungia wavuvi taa za mitumbwi."

"Mafundi wengine hapa mjini wanafunga hivi?"

"Wale wavivu? Nionyeshe mmoja nimpe kibanda hiki."

Wilbrodi alitoa simu, akamwonyesha picha. Shamsudin aliikuza kwa vidole viwili.

"Hii ni yangu," alisema bila kusita. "Taima ya shemeji."

"Ulizikata wewe."

"Nilizikata mimi. Kidude cha mbwembwe. Mzee Alawi anakohoa usiku kucha, na gari linamfukizia moshi dirishani. Dada akaniambia, kaka, litoe hilo."

"Mwanamvua."

"Nina dada mwingine?"

"Na marehemu alijua?"

"Alisimama hapo ulipo. Akaniambia, shemeji, funga vizuri, siku nikipata nyumba yenye uwanja nitairudisha." Shamsudin alimrudishia simu. Uso wake ulikuwa umeanza kukaza. "Mbona unaniuliza waya? Gari liliwaka mbele. Waya zangu zilipiga shoti?"

"Hazikupiga."

"Basi."

"Basi," Wilbrodi alisema.

"Mtu aliyemuua shemeji yangu mnaye kituoni mnampa chai. Dada yangu ana miaka mingapi? Anakaa eda. Muulize fundi nani atamlipia miaka yake."

Wilbrodi aliandika maelezo yake palepale kibandani, sentensi kwa sentensi, na Shamsudin akayatia sahihi bila kuyarudia. Hakuuliza yana kazi gani. Aliichukua tena ile taa, akaendelea kufunga mshipi.

*

"Hodi."

"Hodi nani?"

"Polisi, bibi. Wilbrodi. Shikamoo."

"Marahaba." Bi Kibibi alitoka ukumbini akijitanda kanga. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alisimama katikati ya mlango kwa namna ya kuonyesha kwamba mlango ni wake. "Mwanamvua yuko edani. Haendi kituoni, haendi mahakamani, wala haonani na wanaume."

"Sitaki kumwona. Nataka kumsikia tu. Na wewe uwepo."

"Ni lazima?"

"Kuna mtu ndani, bibi. Neno lake moja linaweza kumtoa au kumwacha."

Bi Kibibi alimpima kwa macho, kisha akasogea. Alimkalisha kwenye mkeka, yeye mwenyewe akakaa mbele ya mlango wa chumba uliofunikwa pazia la kitambaa kizito. Kutoka chumba cha upande wa pili, chenye dirisha la mtaani, kilisikika kikohozi kirefu cha mzee, kikatulia.

"Mwanamvua, mwanangu, afande yuko hapa."

"Namsikia." Sauti ilikuwa karibu sana na pazia. "Karibu, kaka."

"Ahsante. Pole sana, dada. Nitakuuliza machache. Siku mliyokwenda kuchukua gari kwa fundi Shuaibu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema nini?"

"Alisema oili tubadilishe mapema. Alisema tukifika tusizime, tuliache lipumue kwanza. Abdulrazak akamwambia, kumbe umenifungia punda. Wakacheka."

"Alisema litadhurika likizimwa?"

"Alisema tabo itakufa. Nikadhani ikifa itanunuliwa nyingine."

Wilbrodi aliandika neno kwa neno. "Na kile kidude kilichokuwa kinaliacha gari likinguruma?"

"Mimi ndiye niliyemwambia kaka akitoe. Baba alikuwa hapati pumzi. Abdulrazak hakuwahi kunikatalia jambo la baba. Baada ya hapo akawa anazima kule juu kwa Mahmoud, hata ule mngurumo wa kufika usimwamshe."

Kalamu ilisimama. Hakukuwa na swali lililobaki kwa upande wa sheria. Kwenye karatasi yake sasa kulikuwa na kila kitu: onyo lilitolewa, mwenye gari alilisikia, mwenye gari akaiondoa taima.

"Kaka," Mwanamvua alisema, "gari lisipopumua linakuwaje?"

Bi Kibibi alichoka kungoja.

"Mjibu, mwanangu. Wewe umeuliza, naye anauliza."

Wilbrodi alitoa ule mfuko mdogo wa vipande vyeusi, akauweka kwenye mkeka mbele ya Bi Kibibi. Mama yule aliuinua kwenye mwanga, akavigeuza vipande kwa kidole juu ya nailoni.

"Ukoko," alisema.

"Ni oili, bibi. Ilisimama juu ya moto."

"Ndiyo ukoko huo huo. Wali umeshakauka, makaa yako chini na wewe umekwenda zako, utakuta nini..." Hakumaliza. Aliutazama ule mfuko, akamtazama Wilbrodi, kisha polepole akaukunja na kumrudishia, akitikisa kichwa kidogo sana kuelekea pazia.

"Ukoko wa nini, shangazi?"

"Hakuna kitu."

"Shangazi. Ukoko wa nini?"

Katika chumba cha mtaani Mzee Alawi alikohoa tena, na wote watatu walisubiri mpaka alipopata pumzi.

"Kwa hiyo ni mimi," Mwanamvua alisema.

"Sheria haisemi hivyo, dada."

"Sijauliza sheria."

Wilbrodi aliinamisha macho kwenye karatasi. Alikuwa na majibu ya maswali mengi kuhusu gari lile, na hakuna hata moja lililofaa kupitishwa chini ya pazia.

"Yule fundi yuko wapi?" sauti iliuliza.

"Mahabusu."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Basi andika. Alituonya. Nilisikia kwa masikio yangu. Lete nitie sahihi."

Bi Kibibi aliipitisha karatasi na kalamu. Ilikaa huko ndani muda mrefu kuliko sahihi inavyohitaji. Iliporudi, sahihi ilikuwa imenyooka, na wino ulikuwa umeshakauka.

"Umemaliza?" Bi Kibibi aliuliza mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Nimemaliza, bibi."

"Basi nenda salama. Na Shamsudin asijue. Yeye ndiye aliyeshika koleo. Atajidhuru."

"Maelezo haya yatasomwa mahakamani, bibi. Yeye ndiye mlalamikaji."

Bi Kibibi alishika komeo la mlango. "Basi hujamaliza," alisema, akafunga.

*

Jua lilikuwa bado juu aliporudi kituoni. Somoe alikuwa pale pale kwenye benchi, hotpoti imeshapokewa na kurudishwa tupu. Alisimama alipomwona Wilbrodi, akatafuta jibu usoni mwake. Wilbrodi alimwitikia kwa kichwa na kupita.

Alimtoa Shuaibu, akamkalisha, akaweka mbele yake karatasi mpya za maelezo ya onyo. Akamsomea kama kawaida: si lazima useme lolote, na utakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Shuaibu alisema ameelewa.

"Mke wa marehemu amethibitisha," Wilbrodi alisema. "Uliwaonya wote wawili. Ametia sahihi."

Shuaibu alifumba macho. "Alhamdulillahi." Kisha akayafumbua. "Ulimuulizaje? Alijua unamuulizia nini?"

"Mwanzoni hakujua."

"Na sasa?"

"Sasa anajua."

Fundi aliiweka mikono yake mezani, kiganja juu ya kiganja. Nje askari wa zamu alikuwa akibishana na mtu kuhusu pikipiki.

Lilibaki swali moja. Halikuwa na uzito wowote. Lilikuwepo kwenye kila jalada la gari alilowahi kuandaa, na jalada lisilo nalo lilirudishwa.

"Baada ya kumkabidhi marehemu gari, uliliona tena?"

Shuaibu alikwangua weusi uliokuwa chini ya ukucha.

"Ni kwa ajili ya ukamilifu tu," Wilbrodi alisema.

"Alilileta kabla ya mfungo. Kubadilisha oili."

"Ulikagua nini?"

"Oili. Na nilipokuwa nikiliwasha niliangusha ufunguo, nikainama chini ya usukani kuuokota. Taima ilikuwa imekatwa."

Wilbrodi aliinua macho. "Nani amekuambia imekatwa?"

"Niliona. Waya zilikunjwa kurudi nyuma, zikafungwa kwa mshipi wa kuvulia, halafu tepu juu. Kazi nzuri. Nikasema, huyu fundi umeme ni nani."

Habari ya mshipi ilijulikana na Wilbrodi, Adrian na mtu aliyeufunga. Mtu aliyekaa mbele yake alikuwa mahabusu tangu siku ya maziko. Hakukuwa na njia nyingine ya kuijua ila kuiona kwa macho yake.

"Ukafanya nini?"

"Nikamuuliza. Akaniambia habari za mzee, na dirisha, na pumu. Akaniambia siku hizi anafika jua likiwa bado lipo, anamwogesha mzee, wanakula pamoja. Alikuwa na furaha, afande. Nilitaka kumwambia, basi tuvue tabo yote, turudishe gari lilivyokuwa. Nikaona nitabishanaje na mtu kwa ajili ya baba yake. Nikamfungia boneti. Nikamwambia safari njema."

"Ulijua itatokea nini."

"Nilijua itakufa. Tabo zinakufa. Nilidhani italia kwanza, atanirudia. Huwa zinalia."

"Mara ya kwanza hukusema haya."

"Mara ya kwanza hukuniuliza."

Wilbrodi aliweka kalamu chini. "Shuaibu, nimekusomea onyo. Hukulazimika kujibu. Unaelewa nilichokuwa nimekipata nyumbani kwa marehemu kingekutoa, na unaelewa hiki kinakifanya nini?"

"Naelewa."

"Kwa nini basi?"

"Umesema yule dada anajua." Fundi alitazama dirishani, alikokaa mkewe. "Asijue peke yake."

Simu ilitetema mfukoni. Wilbrodi hakuitoa. Alichukua kalamu, akaandika yote kuanzia mwanzo: ufunguo ulioanguka, waya, mshipi, tepu, mazungumzo. Aliandika kwa mwandiko ule ule aliotumia kwa Shamsudin na kwa Mwanamvua. Alipomaliza aligeuza karatasi kwa Shuaibu asome.

Shuaibu alisoma taratibu, kidole chake cheusi kikifuata mistari. Karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Hapa si sawa, afande. Umeandika marehemu alikuwa akizima gari kwa haraka. Hakuwa na haraka."

"Niandike nini?"

"Andika alizima kwa adabu."

Wilbrodi alilikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, na wote wawili wakatia sahihi fupi pembeni ya rekebisho, kama utaratibu unavyotaka.